Mpe Seif

Siku ya mwisho ya azaa, matanga ya shangazi Zuwena, wanawake walipokwisha kusoma na kabla kahawa haijapita, nilisikia kicheko kutoka upande wa wanaume, nikajua papo hapo wanazungumza nini. Kicheko kilikuwa cha Mundhir, na Mundhir akikaa na watu wa rika letu, hata penye msiba, lazima aufikie ule msimu: msimu ambao timu ya chuo ilikuwa ilichukue kombe na haikulichukua. Huurudia kama mtu anavyoligusa jino bovu kwa ulimi. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nikasimama nyuma ya pazia la ukumbini, pale pale nilipokuwa nikisimama nikiwa na miaka kumi na tisa, nikasikiliza. "Goli tupu, jamaa," alikuwa akisema. "Kipa keshalala chini. Umebaki wewe na nyavu. Sasa unamwogopa nani, nyavu?" Wakacheka tena, safari hii kwa sauti ya chini, kwa heshima ya marehemu. Miaka kumi na kitu imepita, na mimi bado siwezi kuipita habari ya goli lile nikiisikia. Si kwa ajili ya mpira tu. Mwaka ule nilikuwa nimeitwika timu ile mzigo wangu mwenyewe, na wao hata hawakujua kwamba wanaubeba.

Nilikuwa nikikaa kwa shangazi, Sib, nje kidogo ya Maskati, katika nyumba za serikali zilizofanana mpaka wageni wakawa wanabisha hodi kwa jirani. Watu waliambiwa kwamba Raya anajiandaa kurudia mitihani. Kujiandaa ndilo neno tulilokubaliana. Ukweli ni kwamba alama zangu zilipungua kidogo tu, na chuo kilichomchukua Seif, mtoto wa shangazi, mimi kikaniacha. Basi nikaamua kujifundisha kila kitu mwenyewe. Nilijifunza Kiingereza kwa kamusi isiyo na jalada, nikisoma kwa sauti chumbani hadi shangazi akauliza nnagombana na nani. Nilijifunza kukunja sambusa, na sambusa ambayo pembe zake hazikulingana niliikunjua nikaikunja upya mpaka manda ikachanika. Na mpira niliusomea chini, kwenye magazeti ya Kiarabu tuliyotandika wakati wa kula. Nilizisoma kurasa za michezo baina ya sahani na sahani, nikisogeza mifupa ya samaki ili nipate mwisho wa habari. Sijapata kuupiga mpira hata siku moja maishani mwangu. Lakini nilijua winga anatakiwa asimame wapi, na asiposimama pale, mimi ndiye niliyekosa usingizi. Ndivyo nilivyoumbwa. Kitu kikiwa karibu kutimia na hakijatimia, sipumui vizuri. Nikajiambia kwamba chuo kile kikichukua kombe, na mimi nikiwa nimetia akili yangu ndani yake, itakuwa kama kwamba na mimi nimeingia.

Mechi zilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, kwenye kiwanja cha vumbi kisicho mbali na bahari. Ndege zilipita juu yetu zikienda kutua, chini kiasi kwamba refa akipuliza filimbi wakati huo hakuna aliyemsikia, na wachezaji wakaendelea kupigana mateke mpaka ndege ipite. Wavulana walikaa juu ya ukuta. Sisi wanawake tulitazama kutoka garini. Shangazi, ambaye kila asubuhi aliendesha mpaka ofisini kwake Maskati na hakumwogopa dereva yeyote wa njiani, aliligeuza gari lake jeupe likatazama uwanja, akashusha vioo, akafungua chupa ya chai ya maziwa na kuiegemeza kwenye kioo cha mbele. Hakujua sheria hata moja ya mpira. Alijua tu kwamba mwanawe akianguka, hupigwa honi. "Huyu refa ana mama?" aliniuliza mara moja, mkono ungali kwenye honi. "Hebu nioneshe mamake nikazungumze naye." Mimi nilikaa kiti cha mbele, pembeni yake, daima kiti kile kile, na mtandio ule ule, kwa kuwa mara ya kwanza nilipouvaa tulishinda. Nalisema hili bila ya kujitetea. Msomi wa magazeti alikuwa pia mtu wa kuogopa kubadilisha mtandio.

Mechi ikisha, nusu ya timu ilikuja kula kwetu. Naliona busati la sebuleni waziwazi kuliko ninavyoliona lile ninalolikalia leo: jekundu, limepauka karibu na mlango, limefunikwa kwa magazeti katikati, na juu yake wali wa nazi, sahani za kuku wa kupaka, achari ya ndimu, sambusa zangu zilizolingana pembe. Kiyoyozi kilinguruma, kwa hiyo kila mtu alipaza sauti, na mimi nyuma ya pazia sikuhitaji hata kutega sikio. Karibu wote walikuwa watoto wa nyumba kama yetu, waliokua na Kiswahili cha Unguja cha bibi zao. Seif alikuwa nahodha, mpole, mtu wa kusema baada ya wenzake kumaliza. Mundhir alikuwa kipa wa akiba ambaye hakupangwa hata siku moja, na kwa kuwa hakupangwa akawa mkuu wa mashabiki. Na mmoja tu hakuwa na Kiswahili: Hilal.

Hilal alikuwa winga wa kulia, kijana wa Qurayyat, mji wa wavuvi, aliyekaa bweni la chuo, mwembamba, mwenye mbio za kutisha. Siku ya kwanza alileta kikapu cha tende kutoka kwa mamake, akasimama nacho mlangoni akiona haya, mpaka shangazi akamwambia kwa Kiarabu aingie, nyumba ni yake. Tangu siku ile shangazi alimwekea samaki. "Mtu wa Qurayyat huyu, kazaliwa juu ya samaki. Kuku atamfanyia nini?" Alilisema hilo kwa Kiswahili, akimpakulia kichwa kizima cha changu, na Hilal akashika kifua akajibu kwa Kiarabu, "Shukran, khalti," yaani asante, shangazi. Wenzake wote walikuwa wakila kuku.

Nyumba zetu zina tabia, na zinayo mpaka leo. Likija neno ambalo mgeni hapaswi kulisikia, hatuondoki chumbani wala hatupunguzi sauti. Tunabadilisha lugha, kama mtu anayevuta pazia, kisha tunaendelea, na wali ungali mdomoni. Hivyo ndivyo Hilal alivyosemwa Alhamisi baada ya Alhamisi, mbele ya sahani yake.

"Huyu bwana ana mbio za mwizi," Mundhir alisema akimwonesha kwa kidevu, "ila akiupata mpira anasahau kwamba una wenyewe."

"Msimseme mtu mbele yake," shangazi aliita kutoka jikoni.

"Hajui, mama," Seif akasema.

"Hata kama hajui."

Hilal alitabasamu, akauliza kwa Kiarabu wanasema nini.

"Tunakusifu," Seif akamjibu kwa Kiarabu hicho hicho. "Wallahi tunakusifu."

Tulianza msimu kwa ushindi mtupu. Watu wakaanza kutaja kombe, na mimi nikaanza kupoteza hamu ya kula. Ndipo nilipopata wazo langu. Nilikuwa nimesikia kutoka garini jinsi mashabiki wetu walivyowapigia wachezaji kelele za kuwaelekeza, kwa Kiarabu, na kila neno adui alilisikia pia. Alhamisi moja nikamwita Mundhir karibu na pazia.

"Mundhir, mnamfundisha adui. Semeni Kiswahili."

"Na wao wakiwa na Waswahili wao?"

"Nnawajua wote mpaka bibi zao. Wawili tu, na mmoja kavunjika mguu."

Akacheka. "Haya, kocha. Tuseme nini?"

"Mpe Seif. Basi. Seif ndiye mkali wetu, mpira ukifika kwake mambo yanakwisha."

"Na Hilal? Atajuaje sisi tunasema nini?"

"Hilal yeye akimbie tu," nilisema. Nakumbuka nilivyolisema upesi, kama mtu anayefuta tone la mchuzi.

Alhamisi iliyofuata ukuta mzima uliimba kwa ngoma: mpe Seif, mpe Seif. Garini niliyafuata kimoyomoyo. Maneno yangu yalikuwa yamepanda juu ya ukuta ule na kuimbwa na wanachuo, mimi ambaye chuo kilinikataa. Tulishinda siku ile, na pengine tusingeshinda ingekuwa heri. Kwani baada ya hapo kila mpira ulikwenda kwa Seif, na wapinzani hawakuhitaji Kiswahili kulijua hilo, macho yaliwatosha. Wakamwekea watu wawili. Tukatoka sare, tukafungwa, tukatoka sare tena. Seif alirudi nyumbani na nyayo za watu kwenye magoti, akakaa kwenye ngazi ya jikoni na barafu ndani ya kitambaa. "Wananikaba wawili, Raya," aliniambia. "Basi wapite wawili," nikamjibu. Na kule kulia, mbali, karibu na mstari, Hilal alikuwa akisimama peke yake na mkono juu, akiita kwa Kiarabu. Hakuna aliyempa mpira. Hata wale waliomwona walisikia kwanza ukuta. Nilimwona mimi pia, kila mechi. Gari letu lilitazama upande ule. Magazeti yangu yote yalikuwa yamenifundisha kwamba mchezaji aliye peke yake ndiye wa kupewa. Lakini mpango ulikuwa wangu, na mimi nikiwa na mpango wangu, dunia ndiyo inayokosea.

Mechi ya mwisho tulihitaji ushindi ili tuingie fainali. Sare isingetosha. Mpaka dakika za mwisho ilikuwa sare, goli moja kwa moja, jua limeteremka likitupiga machoni, vumbi limekuwa la rangi ya manjano. Shangazi alikuwa ameacha kunywa chai. Beki wao mmoja akateleza, mpira ukamfikia Hilal kwa bahati tu, si kwa kupewa, na akaondoka. Sijaona tena mtu akikimbia vile. Akampita wa kwanza, akampita wa pili, kipa akatoka akajitupa miguuni mwake, Hilal akamzunguka, na goli likawa tupu mbele yake, pana kama lango la ua. Ukuta mzima ukawaka: mpe Seif, mpe Seif! Na mimi, niliyekuwa sijapata kupaza sauti mbele ya watu, nilitoa kichwa dirishani nikapiga kelele hizo hizo. Seif alikuwa kushoto. Nilimwona akinyanyua mikono yote miwili na kumwambia kwa Kiarabu apige, apige. Alikuwa amesimama, ameshakwisha kukimbia, anangoja kushangilia. Hilal akainua uso. Akatazama goli, akatazama ukuta. Kisha akampa Seif. Mpira ulipita mbele ya mtu aliyesimama, ukavuka mstari wa pembeni, ukaenda mpaka kwenye matairi ya magari, na filimbi ya mwisho ikalia kabla haujarudishwa.

Shangazi alisema hatumwachi mtoto wa watu njiani, tutampeleka bweni kama siku zote. Basi tukawa garini sote watano, shangazi na mimi mbele, na nyuma Seif, Mundhir na Hilal, mfuko wa viatu juu ya magoti yake. Redio ilikuwa ikisema kitu. Nikaizima. Tulipofika mzunguko wa kwanza wa barabara, Mundhir akalivuta lile pazia letu la lugha.

"Moyo wa kifaranga," alisema. "Mbio zote zile, moyo wa kifaranga."

"Mwache," Seif alisema, lakini kwa uchovu.

"Nimwache vipi? Goli tupu! Hata mama angefunga, na baibui lake."

"Msimseme mtu mbele yake," shangazi alisema.

"Hajui, shangazi," nikasema mimi. Nilikuwa nikilia na nilikuwa na hasira, na sauti yangu ilitoka safi, kila neno limekaa mahali pake. "Watu wengine wanapewa nafasi wasizojua kuzitumia. Angebaki kwao Qurayyat na boti za babake. Ile nafasi yake chuoni angepewa mtu anayeitaka."

Shangazi alinitazama, muda mrefu kuliko anavyopaswa mtu anayeendesha. Kisha akarudisha macho njiani. Bwenini Hilal alishuka, akashika kifua, akasema, "Shukran, khalti," akafunga mlango wa gari polepole.

Hakuja tena. Alhamisi iliyofuata shangazi alimpikia changu, akakiweka kichwa pembeni na kukifunika kwa sahani. Seif alikwenda kumwita, akarudi na jawabu kwamba Hilal ana masomo mengi. Mwaka uliofuata akahamia chuo kingine. Kile kikapu cha tende cha mamake Hilal, shangazi alikiosha akakitundika kwenye msumari jikoni, kwa kuwa chombo cha watu hakirudishwi kitupu, na alikuwa akingoja siku ya kukijaza. Kilikaa hapo mpaka ukindu ukageuka rangi. Mimi nilirudia mitihani nikapita, si vizuri kama nilivyotaka. Nilisoma chuo kingine, nikapata kazi, nikawa mtu. Lakini nilipoutazama tena msimu ule niliuona kwa jicho moja: tulikuwa na timu, na kijana mmoja mwoga akaiponza. Hivyo ndivyo tulivyousimulia. Mundhir aliuchekesha, mimi niliuhuzunisha, na habari ilikuwa ile ile.

Nimesema nilikuwa nimesimama na sinia nyuma ya pazia. Kicheko kilikatika ghafla. Nikasikia salamu za kupeana pole kwa Kiarabu, viti vikisogezwa, kisha Seif akaja mlango wa jikoni akaniita. "Raya, njoo. Kuna mtu." Uani, karibu na mtungi wa gesi, alisimama mwanamume mpana wa mabega, ndevu zimeanza mvi, kofia mkononi. Nilimtambua kwa jinsi alivyoshika kifua.

"Mungu amrehemu shangazi," alisema Hilal. "Nimesikia jana tu. Ningekuja siku ya kwanza."

Nilimshukuru, nikamuuliza habari za kwao, akanijibu, na ilipita kitambo kabla sijagundua kwamba tunazungumza Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili chetu kabisa, cha Unguja.

"Umejifunza wapi?" nikauliza.

"Hapa." Akaonesha kwa kofia upande wa sebuleni. "Kwenye busati. Nilianza kwa vyakula. Wali, samaki, niongeze, basi nimeshiba. Halafu mambo ya mpira. Bwenini nikijisemea peke yangu, wenzangu wakadhani nna jini."

Seif alikuwa amekunja uso kama mtu anayetafuta kitu gizani. "Siku ile. Mechi ya mwisho. Ulikuwa unakijua?"

"Nilikuwa nnakijua."

"Mimi nilikwambia piga. Kwa Kiarabu nilikwambia, nilinyanyua mikono yote."

"Nilikusikia," Hilal alisema. "Lakini wewe ulikuwa mmoja, na wao walikuwa ukuta mzima. Msimu wote wanasema mpe Seif na mimi sijaambiwa. Nikaona leo niwaoneshe kwamba nasikia. Kwamba na mimi nimo." Akaitazama kofia yake. "Nikakupa."

Sebuleni Mundhir alikuwa akiuliza kahawa iko wapi.

"Mbona hukutwambia?" Seif akauliza. "Neno moja tu."

"Nilitaka kiwe sawasawa kwanza. Nilikuwa nnangoja siku ya kombe. Nilikuwa na sentensi yangu, nimeishika wiki nzima, ya kumwambia shangazi mbele yenu nyote." Akasita, akasimama wima kidogo, kama kijana aliyeitwa mbele ya darasa. "Shangazi, mimi ni mwanao, lakini samaki nimechoka nao. Leo nipe kuku."

Seif alicheka mpaka akashika ukuta, kisha hakikuwa kicheko tena. Mimi niliingia jikoni, nikakitoa kile kikapu msumarini, nikatafuta cha kukitia. Palikuwa na kuku aliyebaki wa chakula cha mchana. Nikamfunga vipande vizuri kwenye karatasi, nikavifungua, nikavifunga upya, kwani nilikuwa nikijua kwamba nitakapotoka itabidi nimtazame usoni. Alikuwa nyuma yangu garini jioni ile, na mfuko wa viatu juu ya magoti, na sentensi yake mdomoni. Shangazi peke yake ndiye aliyetukataza. Na redio ilikuwa ikisema, sauti yake ilikuwa juu, ingeweza kutufunika sote. Ni mimi niliyenyoosha mkono nikaizima, ili tusikizane vizuri.